Je, Wajua? Tairi Husema Lenyewe Siku Zake Zikiisha

Gari zima, pamoja na abiria na mizigo yake, hushika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Hata hivyo wengi wetu hulikumbuka tairi siku ya pancha tu. Soma haya, kisha ukalitazame la kwako.

Je, wajua kwamba kashata za tairi zipo hasa kwa ajili ya maji?
Lami ikiwa kavu, magari ya Formula 1 hukimbia kwa matairi laini yasiyo na kashata hata moja. Mvua ikishika, madereva hukimbilia kubadilisha. Tairi la mvua kubwa lililotengenezwa na Pirelli kwa mashindano hayo huweza kutoa lita 85 za maji kwa sekunde, gari likienda kilomita 300 kwa saa. Tairi lako nalo lina mifereji kwa kazi hiyohiyo. Mifereji ikiisha, maji hukosa pa kupita, mpira huelea juu yake, na usukani huwa mwepesi ghafla. Hapo ndipo kipara kinapodanganya: kiangazi chote kimekubeba salama, mvua ya kwanza ya masika ikakutupa mtaroni.

Je, wajua kwamba tairi huzaliwa na kipimo chake?
Tazama ubavuni, karibu na kashata, utafute herufi TWI au alama ya pembetatu ndogo. Fuata alama hiyo hadi ndani ya mfereji, utaona kituta cha mpira chenye kimo cha milimita 1.6. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Kashata zikilingana na kituta, tairi limekwisha. Uingereza iliifanya milimita 1.6 kuwa kikomo cha kisheria mwaka 1992. Kabla ya hapo kilikuwa milimita 1. Wataalamu wengi hushauri usingoje kufika huko, bali ubadilishe kina kikibaki milimita 3, hasa msimu wa mvua.

Je, wajua kwamba tarehe ya kuzaliwa kwa tairi imeandikwa ubavuni?
Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2519, tairi lilitengenezwa wiki ya 25 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, usilikaribie. Mara nyingi tarehe huwa upande mmoja tu, na huenda ni ule unaoelekea uvunguni. Ukinunua tairi la mtumba, soma tarakimu hizo kabla ya kuuliza bei.

Je, wajua kwamba tairi lenye kashata nzuri linaweza kuua?
Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki huko Uingereza lilipasuka tairi la mbele, likaacha njia na kugonga mti. Watu watatu walifariki. Tairi hilo lilikuwa na umri wa miaka 19, na wakati huo sheria haikuweka kikomo cha umri. Mama wa mmoja wa marehemu alipigania mabadiliko kwa miaka mingi. Tangu Februari 2021, ni marufuku nchini humo kwa basi au lori kutumia matairi ya mbele yaliyozidi miaka 10. Mpira huzeeka kwa joto, jua na hewa, hata kama gari limelala. Spea nayo huzeeka humohumo kwenye buti. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, uvimbe, au waya zikichungulia, usijiulize mara mbili.

Je, wajua kwamba namna tairi linavyolika ni taarifa ya ugonjwa wa gari?
Likiisha katikati, umelijaza upepo kupita kiasi. Likiisha mabegani pande zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha upande mmoja, magurudumu hayakupangwa sawa. Likiwa na mabonde mabonde, mwambie fundi akague shokapu. Ukifunga tairi jipya bila kutibu ugonjwa, nalo litaliwa vilevile.

Je, wajua kwamba baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japani hufika na matairi ya theluji?
Alama yake ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, au neno STUDLESS. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Dar es Salaam au Mombasa, huisha upesi na gari huyumba.

Je, wajua kwamba matairi mawili mapya hufungwa nyuma?
Wengi huyaweka mbele, lakini watengenezaji hushauri nyuma. Mbele ikiteleza, dereva bado anaweza kupunguza kasi na kulirudisha gari njiani. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka.

Je, wajua kwamba tairi lililokwisha bado lina heshima yake?
Mafundi wetu hulikata likawa kandambili imara: katambuga kwa Watanzania, akala kwa Wakenya. Huko mpira uliochoka hutembea tena miaka mingi bila kuhatarisha roho ya mtu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, chuchumaa dakika tano. Tazama kituta, soma tarehe, pitisha mkono ubavuni, na usiisahau spea. Na wewe abiria, ukiona kipara kituoni, sema, kisha ungoje gari jingine.