MAUMIVU YA MGONGO WA JUU: SABABU ZAKE NA DALILI ZISIZOPASWA KUPUUZWA

Wananchi wa mwambao wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, pamoja na ndugu zao wa Pemba walio ng'ambo ya mkondo, hufanya kazi nyingi zinazofanana. Huvua samaki, hulima, hupakia na kupakua vyombo, huchota maji, hupanda mwani na husuka ukili. Takriban kazi zote hizo humwinamisha mtu au humtwika mzigo. Si ajabu, basi, kwamba maumivu ya mgongo yamezoeleka hata yakahesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi yenyewe, na anayeyalalamikia huambiwa kuwa ni uchovu tu, apumzike. Mara nyingi maneno hayo huwa ni ya kweli. Hata hivyo, yapo maumivu ya mgongo wa juu yasiyosababishwa na kazi, na mwenye nayo akiyachukulia kuwa ni uchovu kwa muda wa miezi kadhaa huweza kupoteza nguvu za miguu yake. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutofautisha haya na yale.

Mgongo wa juu ni ile sehemu iliyo baina ya shingo na mwisho wa mbavu. Shingo ina pingili 7 na kiuno kina pingili 5, lakini sehemu hii ya kifua ina pingili 12, na kila moja imeungana na jozi moja ya mbavu. Kwa sababu ya mbavu hizo, sehemu hii ni imara na haipindiki kama shingo au kiuno. Visahani vya gegedu vilivyo baina ya pingili zake ni nadra kuhama mahali pake, na ndiyo maana watu wanaolalamika kiuno ni wengi kuliko wanaolalamika mgongo wa juu. Pamoja na uimara huo, jambo moja halina budi kufahamika. Ndani ya pingili hupita ugwe wa mgongo, yaani kamba ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, na katika sehemu ya kifua njia yake ni nyembamba kuliko mahali pengine. Uvimbe au usaha kidogo tu ukijitokeza hapo hauna pa kwenda ila kuubana ugwe huo.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni misuli. Misuli inayoshika makombe ya mabega na kuuweka mgongo wima hufanya kazi muda wote mtu anapokuwa ameinama au amenyosha mikono mbele, hata kama hakuna kitu kizito anachoinua. Mwanamke anayekaa juu ya mbuzi kukuna nazi, msusi wa mikeka anayeinamia ukili wake tangu asubuhi, fundi cherehani barazani, mama anayenyonyesha huku amejikunja na karani anayeinamia meza au simu yake, wote hao huumia mahali pamoja, baina ya makombe ya mabega.

Wapo pia wanaoumia kwa uzito. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, pale Dk. Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoenea Muheza, Korogwe na kwingineko, na vizazi vya wakataji, wakiwamo wale manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Mkataji wa mkonge huinama kuyafikia majani ya chini, hukata, hufunga matita, kisha huyabeba hadi kando ya njia, na hurudia hivyo siku nzima. Huko bandarini, robota moja la mkonge lililoshindiliwa lina uzito wa kilo 250, na halisogezwi bila ya kulisukuma au kulivuta. Kabla ya mradi wa kuongeza kina na kupanua gati ulioanza mwaka 2019, meli kubwa zilitia nanga nje ya gati la Tanga na shehena ikaletwa nchi kavu kwa matishari, kwa hiyo mzigo mmoja ulishikwa mara mbili.

Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967 yanasema kwamba mahali ambapo mwanamume mtu mzima huchukua kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo umo ndani ya kiwango hicho. Gunia la mazao la kilo 100 limekizidi karibu mara mbili. Ama lumbesa, ambayo imepigwa marufuku kwa kuwa humpunja mkulima, humpunja vilevile mpagazi, ingawa hasara ya mpagazi haitajwi sana.

Maumivu yanayotokana na misuli yana tabia zake. Aghalabu mgonjwa anaweza kukumbuka kazi iliyoyaleta. Huhisi mkazo au fundo kandokando ya uti wa mgongo, na mahali hapo pakibonyezwa huuma. Maumivu huzidi anapogeuka, anapoinua mkono au anapovuta pumzi kwa nguvu, na hupungua anapojilaza. Huweza kupanda hadi shingoni na kuleta maumivu ya kichwa. Usiku mgonjwa hulala. Hana homa, hakondi, na miguu yake ina nguvu kama kawaida.

Mwenye maumivu ya namna hii hahitaji kulala kitandani wiki nzima, kwani kulala sana huidhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Aache kazi nzito kwa siku chache, aendelee kutembea na kufanya shughuli nyepesi, na ajikande kwa kitambaa cha maji ya moto. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa inaruhusiwa. Sindano za maumivu za kununua dukani kila wiki haziruhusiwi; dawa za aina hiyo zikitumiwa kwa muda mrefu huchubua tumbo na kudhuru mafigo. Kukandwa kwa mafuta na mtu mwenye mkono mzuri hakuna madhara kwa misuli iliyokaza. Ile desturi ya kumlaza mtu kifudifudi na kumkanyaga mgongoni, au kuupinda mgongo mpaka ulie, haifai hata kidogo, kwa kuwa anayekanyaga hana njia ya kujua kama mfupa ulio chini ya mguu wake ni mzima. Maumivu mengi ya misuli huisha ndani ya wiki chache. Yakirudi, cha kubadilishwa ni namna ya kufanya kazi: kugawa mzigo mara mbili, kuukumbatia karibu na kifua wakati wa kuuinua, kuchukua ndoo mbili ndogo kwa mzegazega badala ya moja kubwa, kuinua meza ya cherehani, na kusimama na kujinyosha kila baada ya muda.

Baadhi ya maradhi hujidhihirisha mgongoni ilhali chanzo chake kipo mahali pengine. Mkanda wa jeshi huanza kwa maumivu ya moto upande mmoja wa mgongo, yakizunguka kufuata ubavu, na siku chache baadaye hutokea malengelenge mahali hapohapo. Kijana anayepatwa na mkanda wa jeshi anashauriwa apime pia virusi vya UKIMWI, kwa sababu ugonjwa huo hupenda kujitokeza pale kinga ya mwili inapopungua. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao si mgeni katika mwambao huu, akilalamika mgongo na kifua pamoja na homa au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Homa ya mapafu na maradhi ya nyongo nayo huweza kuuma nyuma ya bega. Maumivu ya ghafla na makali sana katikati ya mgongo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, yakifuatana na jasho baridi, kubanwa kifua au kuzimia, huenda yakawa ya moyo au ya mshipa mkuu wa damu, na hapo hakuna kungoja mapambazuko. Kwa wazee, hususan wanawake, mifupa iliyopungua nguvu huweza kuvunjika pingili kwa kikohozi tu au kwa kuinua ndoo, na mgongo ukaanza kujikunja. Aliyewahi kutibiwa saratani ya titi au ya tezi dume, akipatwa na maumivu mapya ya mgongo, amweleze daktari historia hiyo hata kama hakuulizwa.

Ugonjwa unaohitaji maelezo marefu zaidi ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Jina la kifua kikuu limewafanya wengi waamini kwamba ugonjwa huo hukaa kifuani tu na kwamba asiye na kikohozi hana kifua kikuu. Sivyo. Vijidudu vyake huingia kwa njia ya pumzi, lakini huweza kusafiri katika damu na kutua katika mifupa, na mahali vinapopenda zaidi ni pingili za mgongo, hasa zile za chini ya kifua na za juu ya kiuno. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, akiwataja wagonjwa wenye kibiongo ambao miguu yao ilipooza. Vijidudu hula sehemu ya mbele ya pingili mbili au zaidi zilizopakana, pingili huporomoka kwa mbele, na mgongo huchomoza nyuma kama ncha. Usaha unaokusanyika huubana ule ugwe wa mgongo uliotajwa hapo awali.

Tatizo ni kwamba ugonjwa huu huenda polepole. Maumivu huanza kidogo, mahali pamoja, na kwa wiki nyingi hayatofautiani na uchovu wa shambani. Mgonjwa hukandwa, hupigwa chuku, huchanjwa chale, hupewa vidonge, na kila tiba humpa nafuu ya siku mbili tatu. Ndipo miezi inapopita. Tofauti iliyo wazi ni kwamba maumivu haya hayapumziki pamoja na mwenyewe: yapo mchana, na usiku humwamsha. Baadhi ya wagonjwa hupata homa za jioni, jasho la usiku, kukosa hamu ya chakula na kukonda, lakini wengine hawapati dalili hizo. Pingili moja ikigongwa polepole kwa kidole huuma kuliko nyingine. Mgonjwa huanza kutembea kwa kukakamaa, na akitaka kuokota kitu huchuchumaa badala ya kuinama. Mtoto huacha kucheza, au mzazi anapomwogesha huona kifundo katikati ya mgongo ambacho hakikuwapo. Mara nyingi kifundo hicho hudhaniwa kuwa kimetokana na kuanguka, na mtoto akaachwa. Ilhali kwa mtoto anayekua kibiongo huweza kuendelea kuongezeka.

Ganzi ya miguu, miguu kuwa mizito au kujikwaa bila sababu, hisia kama ya mkanda uliobana kifua au tumbo, na kushindwa kuzuia au kutoa haja ni dalili kwamba ugwe umekwisha kubanwa. Mwenye dalili hizo asisubiri siku ya kliniki. Anapaswa kufikishwa hospitali mara moja, akiwa amelazwa juu ya ubao au kitanda na si kwa kukalishwa nyuma ya baiskeli au pikipiki. Akiwahi matibabu, wengi wa wagonjwa hurudiwa na nguvu za miguu; akichelewa, matumaini hupungua.

Yeyote mwenye maumivu ya mgongo wa juu yaliyozidi wiki sita, au yenye dalili yoyote kati ya hizo zilizotajwa hata kama ni ya siku chache, afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili apewe barua ya kwenda hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo kwa walio Tanga. Aeleze maumivu yalianza lini, kama humwamsha usiku, kama amekonda, na kama nyumbani yupo au alikuwapo mtu mwenye kifua kikuu. Maelezo hayo ni muhimu kwa sababu vipimo huweza kupotosha: makohozi ya mgonjwa wa mifupa aghalabu hayaonyeshi vijidudu, na picha ya eksirei iliyopigwa mapema huweza kuonekana safi. Maumivu yakiendelea, mgonjwa ana haki ya kurudi na kuomba kuchunguzwa tena.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo nchini. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania Bara ulianzishwa mwaka 1977, na utaratibu wake wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa uliigwa baadaye na mataifa mengi. Dawa zinazotumika kwa uti wa mgongo ni zilezile za mapafu, ila muda wake ni mrefu zaidi, hadi miezi 12. Maumivu huanza kupungua mapema, na hapo ndipo wengi hushawishika kuziacha. Anayeziacha huuacha ugonjwa ukiwa hai ndani ya mfupa, tena ukiwa mgumu zaidi kutibika. Wachache huhitaji kupasuliwa ili kuondoa usaha au kuimarisha pingili.

Mgonjwa ambaye kifua kikuu chake kipo katika mfupa tu, na mapafu yake yamepimwa na kuonekana mazima, haambukizi wenzake kwa kukaa, kula au kulala nao chumba kimoja. Hakuna haja ya kumtengea sahani wala kikombe. Walio nyumbani mwake, hasa watoto wadogo, wafike kituoni wapimwe, kwa kuwa yeye mwenyewe aliupata kwa mtu aliyekuwa akikohoa, na huenda mtu huyo bado hajajulikana.