Fahamu: Kiharusi Huuaje Ubongo?
Mkaazi wa Chiwata, huko uwanda wa Makonde, apatwapo na kiharusi, mdomo ukapinda na kikombe cha uji kikamponyoka, baadhi ya jamaa humtafuta aliyemroga kabla ya kumteremsha Ndanda hospitalini, hali ya kuwa adui, aghalabu, ni donge la damu lililoziba mshipa. Ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia kadiri ya asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna akiba ya maana. Basi damu ikikatika, seli hukosa nguvu ya kuitoa sodiamu, zikavimba, zikamwaga glutamati, ambayo kwa desturi ni tarishi baina ya seli, lakini ikizidi huifungulia kalsiamu milango ya seli jirani, nayo kalsiamu huamsha vimeng'enya viilavyo seli yenyewe. Hukadiriwa kwamba seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Hata hivyo, kandokando ya kiini kilichokufa hubaki eneo lililozimia tu, na ndilo linalokusudiwa na dawa ya kuyeyusha donge, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu.