Volti 12 za Kupeleka Nyumbani

Aprili 28, 2025, mchana, Hispania na Ureno zilizimika karibu zote kwa mpigo. Treni zilisimama njiani, taa za kuongozea magari zikafa, na watu wakapanga foleni kutafuta tochi na redio za betri. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Machi 26, Tume ya Ulaya ilikuwa imetoa wito kutoka makao yake mjini Brussels kwamba kila kaya ijiwekee mahitaji ya kujitosheleza kwa saa 72. Kamishna Hadja Lahbib, Mbelgiji, alitoa video fupi akionyesha vitu vya dharura alivyovipakia mkobani, na wapo waliomcheka. Aprili ilipofika, mzaha ulikwisha.

Wabelgiji walikwishaonja hofu hiyo. Mwaka 2014 vinu vya nyuklia vya Doel 3 na Tihange 2 vilisimamishwa kwa sababu ya nyufa ndogo katika chuma chake, kisha Agosti kinu cha Doel 4 kikazimika baada ya mtu kumwaga kwa makusudi mafuta ya kulainishia mtambo. Serikali iliandaa ratiba ya mgao wa umeme, maeneo yakagawanywa kwa makundi, na wananchi wakaambiwa wajiandae kwa majira ya baridi. Mgao wenyewe haukufika, lakini neno hilo, ambalo kwa mkazi wa Bukavu, Kigoma au Kisumu ni la kila siku, lilikuwa limeingia katika nyumba za Ubelgiji.

Ndiyo maana hapa Brussels, ambako Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni na kuchomoza karibu saa tatu asubuhi, betri ndogo ya volti 12 inayowasha taa tatu za LED si mchezo wa watoto. Hata hivyo, kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo, thamani yake kubwa haiko hapa. Iko kule tunakotuma mizigo.

Simu ile ile

Ukipita mtaa wa Matonge, kitongoji cha Ixelles kilichopewa jina la Matonge ya Kinshasa, kando ya Chaussée de Wavre utaona maduka ya vitenge, samaki wakavu, na wasafirishaji wa mizigo. Ndani ya maboksi, pamoja na viatu na simu, huingia balbu. Baada ya wiki kadhaa simu hulia kutoka Kivu: “Kaka, zile taa ulizotutumia haziwaki kwenye betri.”

Haziwaki kwa sababu inayoeleweka. Balbu ya LED ya dukani Brussels imetengenezwa kwa volti 230. Ukiibandua kofia yake ya plastiki utaona kibao cha alumini cha mviringo kilichopangwa vidoa vya njano. Hivyo ndivyo vinavyotoa mwanga. Chini yake, ndani ya shingo, kumefichwa saketi ndogo inayopokea umeme wa ukutani na kuugeuza ufae vidoa hivyo. LED nyeupe moja huhitaji takribani volti 3, lakini watengenezaji huziunga nyingi kwa mfuatano, hivyo kibao kizima hutaka makumi ya volti. Kiletee volti 12 za betri, hakitikisiki.

Mafundi wetu wamezoea kuitoa saketi ile na kuziunga upya LED tatu tatu kwa mfuatano, kila kundi na kipinga-umeme chake, kisha makundi yote sambamba. Hesabu yake ni nyepesi: tatu hula volti 9 hivi, na volti 3 zinazobaki humezwa na kipinga-umeme ili mkondo usizidi. Kazi hiyo ni nzuri kwa mwenye mkono wa kulehemu. Asiye nao anunue balbu iliyoandikwa volti 12, au bora zaidi ile inayokubali kuanzia 12 hadi 24, kwa sababu betri ikiwa kwenye chaji hupanda kupita volti 14. Tahadhari ni moja: kitako chake cha kuzungusha hufanana kabisa na cha balbu ya volti 230. Ipake alama ya rangi nyekundu, maana mtoto akiichomeka kwenye umeme wa ukutani itapasuka.

Hesabu kabla ya waya

Tuchukue taa tatu za wati 5. Jumla wati 15. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 1.25. Huo ndio mkondo wote, na ndio unaoamua kila kitu kinachofuata.

Betri ya asidi ya ampea-saa 7, ile iliyofungwa inayotumika kwenye kengele za wizi, hubeba wati-saa 84. Lakini haipendi kukamuliwa chini ya nusu. Ukiizoesha hivyo hufa mapema. Kwa hiyo una wati-saa 42, ambazo hazifikishi saa tatu. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti yenye ampea-saa zile zile 7 ina volti 12.8, yaani wati-saa 90 hivi, na asilimia 80 yake hutumika bila kuiumiza. Hapo unapata karibu saa tano: za kupika, kula, na mtoto kumaliza hesabu zake za shule.

Saketi yenyewe inahitaji vitu vichache: betri, fyuzi, swichi, waya, vishikio vya balbu. Fyuzi ya ampea 3 ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuamini kuwa volti 12 hazina madhara. Ni kweli hazimrushi mtu, lakini nyaya mbili zikigusana betri humwaga mkondo mkubwa kwa sekunde chache, waya ukawa mwekundu na pazia likashika moto. Fyuzi hukatika kabla ya hayo.

Waya nao una sauti yake. Kwa umbali wa mita 10, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 utapoteza karibu volti 0.3 kwa mkondo wetu. Ule mwembamba wa 0.5 utapoteza karibu volti 0.9, na taa ya chumba cha mwisho itafifia. Kwenye volti 230 hasara hiyo isingeonekana. Kwenye volti 12 ni mwanga unaoukosa.

Wapo wanaofungua betri za kompyuta zilizochakaa na kuunga seli tatu za lithiamu kwa mfuatano. Zinafanya kazi, ila zina hasira. Kila seli isipite volti 4.2 na isikamuliwe chini ya 3, hivyo bodi ya kinga ni lazima. Mwanafunzi aanze na betri iliyokamilika, na saketi yake asiiunganishe kamwe na nyaya za ukutani. Ubelgiji hutaka mfumo wa umeme wa nyumba ukaguliwe na taasisi iliyoidhinishwa kila baada ya miaka 25, na mwenye nyumba hatapenda kukuta waya asioujua.

Madini yaliyotangulia

Suala hili la betri na nyaya lina uzito wa pekee kwa mji huu wa Brussels. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyochimba shaba na kobalti ya Katanga kwa zaidi ya nusu karne, na kambi za wafanyakazi wake zikawa miongoni mwa njia zilizokieneza Kiswahili huko. Mali zake za Kongo zilitaifishwa 1967 na kuwa msingi wa Gécamines. Kampuni yenyewe iliendelea, na tangu 2001 inaitwa Umicore, makao yake makuu yakiwa hapa Brussels. Leo kiwanda chake cha Hoboken, katika jiji la Antwerp, hurejeleza betri chakavu na kupata tena kobalti, nikeli na shaba.

Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, huku Mkongomani mmoja tu kati ya watano hivi akiwa na umeme nyumbani. Madini yamesafiri kutoka kwetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Ufundi wa kuyatumia haujarudi kwa kasi hiyo, na hilo ndilo tunaloweza kulibadilisha sisi wenyewe, kwenye meza ya jikoni.

Mahali pa kujifunzia papo. Mikutano ya ukarabati, ile iliyoanza Amsterdam 2009 kwa jina la Repair Café, hufanyika katika kata nyingi za Brussels, na wanaojitolea humfundisha yeyote kushika mita na chuma cha kulehemu. Betri iliyokufa ina masanduku ya Bebat, shirika lililoanzishwa 1995 kukusanya betri kuukuu. Kwa pesa, tusidanganyane: taa tatu zilizotajwa zikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 27 tu kwa mwaka, hivyo betri haitarudisha gharama yake Brussels. Na paneli ya wati 20 dirishani, Desemba, huenda isitoe hata wati-saa 20 kwa siku. Paneli hiyo hiyo ikiwekwa juu ya bati Bukavu, pamoja na kidhibiti chaji, inaweza kutoa mara tatu au zaidi.

Hivyo saketi hii ni shule hapa na taa kule. Anayesafiri kwa ndege ajue sharti: betri ya lithiamu ya akiba ipandishwe kwenye mzigo wa mkononi, isizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika, na iwe imepimwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa. Ile ya wati-saa 90 inapita; iliyoungwa nyumbani haipiti.

Boksi lijalo likifungwa Matonge, balbu zisiende peke yake. Ziende na fyuzi za akiba, mita ya bei nafuu, na karatasi moja ya Kiswahili yenye mchoro wa saketi na hesabu zake. Na kabla ya kutuma, tuwe tumeiwasha saketi nzima wenyewe, kwa saa kadhaa, ili ndugu akipiga simu tuweze kumwelekeza waya kwa waya.