Gawa Kwanza, Ndipo Uchore

Jedwali la umri ambalo sensa ya tarehe 27 Machi 2011 ilitoa kwa kata za England na Wales, zikiwemo za mji wa Thamesmead jijini London, yaani Thamesmead East upande wa Bexley na Thamesmead Moorings upande wa Greenwich, lina makundi 16 yasiyolingana hata kidogo. Linaanza na 0–4, kisha 5–7, 8–9 na 10–14. Wenye miaka 15 wamepewa kundi lao peke yao. Mbele kuna 25–29, halafu ghafla 30–44. Ukilichora kwa kupandisha kila nguzo kulingana na idadi ya watu, utapata picha ya uongo kutokana na namba za kweli. Katika histogramu, idadi hubebwa na eneo la nguzo, wala si kimo chake. Mazoezi mengi ya shule hulificha jambo hili kwa sababu makundi yake hulingana upana, hivyo kimo na eneo husema mamoja.

Tuchukue namba za kubuni, maana tunachotafuta ni njia. Tuseme kundi la 25–29 lina watu 1,000, la 30–44 lina 2,400, na la miaka 15 lina 190. Kwa kimo cha idadi tupu, nguzo ya 30–44 inaizidi ya 25–29 zaidi ya mara mbili, na vijana wa miaka 15 karibu hawaonekani. Sasa gawa kila idadi kwa upana wa kundi lake. Kundi la 25–29 lina miaka 5, hivyo kimo chake ni 200. La 30–44 lina miaka 15, kimo 160. La miaka 15 lina mwaka mmoja, kimo 190. Picha imegeuka: waliosongamana zaidi ni wa 25–29, na wale 190 wanakaribiana nao. Hapo kwenye upana ndipo wengi huteleza, kwa kutoa 25 kwenye 29 na kupata 4. Umri huhesabiwa kwa miaka iliyotimia. Mwenye 29 hubaki 29 mpaka siku anapotimiza 30, kwa hiyo kundi linaanzia 25 na kukomea 30. Anayebisha ajaribu kutoa 15 kwenye 15, kisha agawanye kwa sifuri.

Yupo atakayesema: kwa nini tusiyaunganishe makundi yakalingana? Inawezekana, tena vizuri. Jedwali hili linakubali vipande vya miaka 15 kuanzia 0–14 hadi 75–89, na wa 90 na zaidi wakabaki pembeni. Lakini gharama yake ni kubwa: kichanga na mtoto wa sekondari wanaingia nguzo moja, na anayepanga madarasa hawezi tena kujua ni wangapi wanaokaribia kuanza shule. Thamesmead, iliyopokea wakazi wake wa kwanza mwaka 1968, ilipangwa tangu mwanzo pamoja na shule zake; kwa mji wa namna hiyo, tofauti ya umri wa watoto si ya kupuuzwa. Wengine watasema kompyuta itachora. Itachora, ila grafu ya kawaida ya nguzo huzipa zote upana mmoja na kimo cha idadi, yaani kosa lilelile kwa rangi za kupendeza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kugawa huchukulia watu wametawanyika sawasawa ndani ya kundi, na huenda sivyo. Ni kweli. Kimo cha 160 ni wastani wa watu kwa kila mwaka wa umri, na hakituambii kama wenye miaka 31 ni wengi kuliko wenye 43. Kundi la 90 na zaidi ndilo gumu kuliko yote kwa kuwa halina mwisho; mchoraji hulazimika kuchagua kikomo, tuseme 100, na uungwana ni kukitaja chini ya mchoro. Hata hivyo wastani uliotajwa waziwazi ni bora kuliko kimo kinachoongezeka kwa sababu tu karani alipanua kundi.

Basi ukiletewa mchoro wa umri wa wakazi wa mtaa wako, soma kwanza mhimili wa wima. Ukikuta umeandikwa idadi ya watu na makundi hayalingani, omba jedwali lenyewe, ugawanye mwenyewe.