Mwana wa Makabila Mawili Si Nusu Mtu

Miongoni mwa maswali anayoulizwa mtu afikapo Magamba, au penginepo pote katika Mpanda, lile la "Wewe kabila gani?" halikosekani. Swali lenyewe si baya. Mara nyingi mwulizaji hutafuta mlango wa utani, au hutaka kujua amwamkie mwenzake kwa lugha gani. Ugumu huanza pale anayeulizwa anapokuwa na baba Msukuma na mama Mbende, naye amelelewa kwa Kiswahili. Akitaja upande mmoja, huonekana ameukana wa pili. Akitaja zote mbili, huambiwa achague.

Watu wa namna hiyo ni wengi katika sehemu zetu, na sababu zake si za kificho. Juu ya Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, reli iliyojengwa kutoka Kaliua karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ilileta vibarua wa kila upande. Baadaye walikuja Wasukuma na mifugo yao. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, kisha Mishamo; na mwaka 2014 hati za uraia zilianza kukabidhiwa kwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu. Mahali walipochangamana watu wengi namna hii, hapana budi wataoana.

Wala jambo hili si la jana. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, na akasomea uganga huko Malta. Alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa mke wa Kibende, akawatibu wananchi wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe alikuwa padri. Je, huyo mwana tumwite mtu wa Mali ambayo hakuzaliwa, au Mbende kwa sababu ya mama?

Wapo watakaojibu upesi kwamba mtoto ni wa baba. Ni kweli kwamba tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, lililohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliuweka msimamo huo katika maandishi. Lakini Waluguru wa Morogoro huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Basi mwana wa baba Msukuma na mama Mluguru aweza kudaiwa na pande zote mbili, na mwana wa baba Mluguru na mama Msukuma akakosa wa kumdai. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu. Ni dhahiri basi kwamba kabila ni mapatano ya watu juu ya nani alee, nani arithi, na nani azikwe wapi.

Mapatano hayo yana heshima yake. Mjomba anayedai nafasi yake harusini, na shangazi anayetaka mtoto ajue jina la babu, hawakosei. Mwenye asili mbili anao wajibu kwa pande mbili, na haki ya kupokelewa kote. Huo ni utajiri; asiuone kuwa ni upungufu.

Hatari iko kwingine. Ni pale swali la kabila linapotoka barazani likaingia katika ugawaji wa shamba, ugomvi wa malisho au uchaguzi wa kiongozi. Hapo mtu aliyezaliwa na kulima papo hapo miaka yote hugeuzwa mgeni kwa sababu ya jina la baba yake. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila au pahala mtu alipotokea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa raia mkazi wa kijiji nafasi ya kuomba ardhi bila kumtaka ataje kabila. Sensa ya mwisho kuuliza kabila Tanzania Bara ilikuwa ya mwaka 1967. Ikiwa Serikali imeweza kutuhesabu miaka yote hiyo bila swali hilo, kamati ya kugawa mashamba nayo yaweza kugawa bila hilo.

Mpanda yenyewe ilikuwa chini ya Tabora, ikahamishiwa Rukwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Ardhi haikusogea hata shubiri, wala hakuna aliyeitaka wilaya itaje baba yake halisi. Kijana wa Magamba mwenye asili mbili naye astahili uungwana huo. Aulizwe kabila na watani wake, ajibu apendavyo. Wenye madaraka wamwulize anaishi wapi na anafanya kazi gani, hayo yanawatosha.