Waya Mmoja Unaoamua Chaja Ipi Ikubaliwe

Mafundi wa kompyuta wanalijua vizuri tatizo hili. Mteja analeta laptopu ya Dell pamoja na chaja aliyonunua juzi. Plagi inaingia sawasawa, volti ni zile zile 19.5, na kompyuta inawaka. Lakini kwenye kioo unatokea ujumbe kwamba aina ya chaja haitambuliki. Betri haipandi hata asilimia moja, na mashine inajikongoja. Umeme unafika bila shida, ila chaja haijajitambulisha.

Katikati ya plagi hiyo ya duara kuna pini nyembamba ambayo haipitishi umeme wa kuchaji. Kazi yake ni mazungumzo tu. Ndani ya chaja halisi mna chipu ndogo ya kumbukumbu, na laptopu huisoma kupitia pini hiyo. Inachokisoma ni maandishi mafupi yanayotaja, kwa mfano, wati 90, volti 19.5 na ampea 4.6. Jibu lisipopatikana, iwe chaja ni ya kuigiza isiyo na chipu, au pini imepinda ama kukatika, kompyuta hujihadhari: hupunguza kasi yake na kuacha kuchaji betri.

Mfumo unaotumika hapo unaitwa 1-Wire. Ulibuniwa na Dallas Semiconductor, kampuni ya Texas, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984. Kampuni ya Maxim iliinunua mwaka 2001, na Maxim nayo ikanunuliwa na Analog Devices mwaka 2021. Wenye mali wamebadilika lakini mfumo umebaki, kwa kuwa hesabu yake haijapitwa na wakati: kila waya unaoongezwa ni shaba ya kununua, ni pini nyingine kwenye plagi, na ni mahali pengine pa kuharibika.

Je, waya mmoja unawezaje kupeleka swali na kurudisha jibu? Waya huo, ukisaidiana na ule wa ardhi, hukaa muda wote kwenye volti chache, mara nyingi 3.3 au 5, kwa kuvutwa juu na rizista. Hakuna kifaa kinachoruhusiwa kuusukuma juu wakati wa mazungumzo ya kawaida. Kila kimoja kinaweza tu kuushusha hadi sifuri, kisha kuuachia. Kwa hiyo hata viwili vikisema kwa pamoja, hakuna kinachoungua.

Kinachobaki ni kupima muda. Kifaa kikuu, yaani kile kinachouliza, hufungua mazungumzo kwa kuushusha waya kwa angalau mikrosekunde 480, yaani karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Kinapouachia, chipu iliyoko upande wa pili huushusha kidogo kuonyesha kwamba ipo. Kuanzia hapo, mshusho mfupi usiozidi mikrosekunde 15 huhesabiwa kuwa moja, na ule wa mikrosekunde 60 au zaidi ni sifuri. Wakati wa kusoma, kifaa kikuu huugusa waya kidogo tu na kuuachia. Chipu ikiendelea kuushikilia chini, imejibu sifuri. Ikiuacha urudi juu, imejibu moja. Kwa mwendo huo hupita biti zipatazo 16,000 kwa sekunde. Kasi hiyo haitoshi kabisa kwa video, lakini kwa chaja ya kutaja wati zake inatosha na kubaki.

Waya huo huo unaweza pia kuilisha chipu. Kila unapokuwa juu, chipu hujichotea chaji na kuiweka kwenye kapasita yake ndogo, kisha huitumia pindi waya unaposhushwa. Sensa ya joto ya DS18B20, inayopendwa sana na wanafunzi wa elektroniki, hufanya hivyo. Hupima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu ya sifuri, na nyingi zinaweza kuning'inizwa kwenye waya mmoja bila kuchanganyana. Siri yake ni namba ya biti 64 ambayo kiwanda huiandika ndani ya kila chipu. Biti 48 kati ya hizo ni namba ya pekee, na zinatosha kutofautisha chipu zaidi ya trilioni 281.

Jijini Istanbul, Uturuki, abiria waliwahi kulipia nauli kwa Akbil, kidude chenye kopo dogo la chuma lililobeba chipu ya 1-Wire. Kugusisha kopo kwenye mashine kulitosha kufungua njia ya mazungumzo, na safari ikakatwa kwenye salio.

Simu za leo nazo zina waya wa namna hiyo. Ndani ya kebo ya USB-C mna waya mwembamba unaoitwa CC, ambao simu na chaja huutumia kupatana volti: 5, 9, 15 au 20. Kebo zinazoruhusu ampea 5 huwa na chipu yao wenyewe inayotangaza uwezo huo, na bila tangazo hilo chaja haivuki ampea 3.

Makubaliano hayo yana masharti ya kufuatwa kikamilifu. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, iliyotoka Juni 2019, ilikuwa na rizista moja ikihudumia pini mbili za CC, wakati kila pini ilistahili yake. Kwa kebo za kawaida haikuleta shida. Ilipotumiwa kebo yenye chipu, chaja ilidhani imechomekewa kifaa cha sauti na kukataa kutoa umeme. Matoleo yaliyofuata yakarekebishwa.

Tofauti kubwa kati ya pini ya Dell na waya wa CC ni nani anayeijua lugha inayosemwa. Maneno ya pini yalipangwa na kampuni moja kwa chaja zake. Kanuni za CC zimechapishwa wazi, na mtengenezaji yeyote anaweza kuzisoma. Umoja wa Ulaya umeegemea upande huo wa pili. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na USB-C, na zile zinazochaji kwa zaidi ya wati 15 lazima zielewe mapatano yanayopita kwenye CC. Kwa laptopu, sharti hilo limewekewa tarehe 28 Aprili 2026.