Binti Naye Aelezwe

Jumamosi moja jioni pasi ya umeme ilizima nyumbani kwa mmoja wetu, na nguo za kesho zilikuwa bado rundo zima. Baba wa nyumba akachomoa plagi ukutani, akachukua bisibisi, akaketi barazani. "Njoo uone," akamwita mtoto wake wa kiume mwenye miaka tisa. Dada yake, wa miaka kumi na mmoja, naye aliitwa, ila kwa kazi nyingine: "Shika tochi hapa, usiitikise."

Wakaifungua ile pasi. Mtoto wa kiume akaelezwa umeme unaingilia wapi na unatokea wapi, na kwa nini waya ukikatika ndani ya mpira wake pasi haipati moto ingawa kwa nje huoni kasoro. Binti alimulika mpaka mkono ukafa ganzi, na hakuna aliyemsemesha. Mama mwenyewe alikuwa hapo hapo akichambua mchele. Anakiri kwamba hakuona ubaya wowote. Alikikumbuka kisa hicho wiki kadhaa baadaye, tulipokuwa tukizungumza juu ya mambo haya, akashika kichwa.

Mama msomaji, usimcheke mwenzetu. Sisi tuliokuwa tunamsikiliza, kila mmoja alikumbuka cha kwake.

Mwaka 2001 wataalamu wanne wa Marekani, Kevin Crowley na wenzake, walichapisha uchunguzi walioufanya katika jumba la makumbusho la watoto huko San Jose, California. Jumba hilo si la kutazama vitu vilivyofungiwa ndani ya vioo. Mtoto hushika, huzungusha, husukuma na kujionea linalotokea. Wataalamu hawakumfundisha mtu yeyote. Walisikiliza tu jinsi wazazi walivyozungumza na watoto wao wadogo, wengine hata umri wa kuanza shule hawajaufikia. Waliona kwamba wazazi waliwaonyesha watoto wa kike na wa kiume sawasawa namna ya kutumia vyombo vile. Sawasawa pia waliwaambia watazame kilichotokea. Lakini ilipofika kwenye kueleza kwa nini kimetokea, watoto wa kiume walielezwa mara tatu zaidi kuliko wa kike.

Hebu tulitafakari hilo. Hakuna mzazi aliyemfukuza binti yake. Wote walimpeleka, na wote walimruhusu ashike. Tena hawakukusudia kumbagua. Huenda wangeapa kwamba wanawapenda watoto wao kwa kipimo kimoja. Alichonyimwa binti ni lile neno dogo, "kwa sababu." Na mtoto aliyeonyeshwa namna bila kuambiwa sababu atakuja kuwa mtumiaji mzuri wa mashine iliyotengenezwa na mtu mwingine.

Matokeo yake huonekana mapema. Mtaalamu David Chambers alichapisha mwaka 1983 habari za watoto 4,807 wa shule za msingi walioombwa kuchora mwanasayansi. Wanasayansi wanawake katika michoro yote hiyo walikuwa 28 tu, na kila mmoja wao alichorwa na msichana. Tangu hapo mambo yamesogea kidogo. Uchambuzi wa michoro ya watoto wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta wanawake wameongezeka, ila kadiri mtoto alivyokuwa mkubwa ndivyo alivyozidi kuchora mwanamume.

Nani anabaki na mtoto mgongoni?

Pengine utasema hayo ni ya Wamarekani wenye majumba ya makumbusho. Ni kweli, hapa Tanzania majumba ya namna ile hayapo kila mtaa. Lakini tunayo maonyesho ya Sabasaba, tunayo Nane Nane, na familia nyingi hujipanga kwenda. Angalia mwaka ujao penye mashine ya kukamua mafuta ya alizeti au penye trekta. Kijana amesogezwa mbele, baba anamwonyesha kwa kidole. Binti yuko nyuma kabisa, mdogo wake mgongoni na mkoba wa mama begani. Aliyembebesha si baba. Ni sisi.

Vivyo hivyo na klabu za sayansi mashuleni. Klabu hukutana jioni baada ya masomo, na saa hiyo ndoo zinamngoja binti nyumbani. Mwalimu akija kuhesabu wanachama ataona wavulana watupu, aseme wasichana hawapendi sayansi. Binti alipenda sana, ila maji ya kupikia yalikuwa hayajatekwa. Jambo hili mwalimu hawezi kulitatua peke yake. Mama akisema, "Jumatano ndoo ni zamu ya kaka yako," mlango umefunguka, wala hakuna senti iliyotumika.

Kwamba yanawezekana hata penye shida, jirani zetu wa Kenya wameonyesha. Katika kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru, iko shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko. Jina lisikudanganye, bahari iko mbali nao. Ni nchi ya ukame, na wanafunzi wengi wanatoka katika nyumba maskini. Shule ilikuwa na kompyuta moja. Mwalimu wao wa hisabati na fizikia, Bruda Peter Tabichi wa shirika la Wafransisko, aliikuza klabu ya sayansi, akawasaidia wanafunzi kubuni miradi yao wenyewe, wavulana kwa wasichana. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya taifa ya sayansi na uhandisi, wanafunzi wake walileta chombo cha kumwezesha mtu asiyeona au asiyesikia kupima vitu, na shule yao ikawa ya kwanza kati ya shule za serikali. Wabunifu wa chombo hicho walikuwa wasichana wawili. Machi 2019 Bruda Tabichi alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, pamoja na dola milioni moja.

Fedha hizo ni nyingi, ndiyo. Lakini kilichotugusa sisi ni kile chombo. Wasichana wale walipopewa nafasi ya kubuni, walimfikiria mtu ambaye rula ya kawaida imemwacha nje.

Maana nyumbani mwetu, akiwapo mtoto asiyeona, mara nyingi husikia neno moja tu: kaa, usije ukaumia. Tunamlinda mpaka anabaki hajui kitu. Mtoto huyo anaweza kupima. Chukua kamba, funga fundo kila upana wa vidole vinne, naye atakuambia meza ina urefu gani na mlango una upana gani, na huenda akawashinda wenye macho. Asiyesikia, mwekee kiganja juu ya ngozi ya ngoma inapopigwa. Ataujua mtikisiko, na mtikisiko ndio sauti yenyewe. Wa kiti cha magurudumu, shusheni kazi kwenye mkeka au kwenye meza ya kimo chake.

"Mimi niliishia darasa la saba," mama mmoja alituambia, "nitamweleza nini mtoto?" Tukamuuliza kwa nini hatii hamira kwenye maji yanayochemka. Akajibu palepale: itakufa. Basi, ndiyo hiyo sayansi! Hamira ni viumbe hai. Inakula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ikinaswa ndani ya unga maandazi yanaumuka. Maji ya mtungini nayo yanapoa kwa sababu machache yanapenya udongo na kukauka kwa nje, yakiondoka na joto la yale yaliyobaki. Mama huyo ameyajua haya kwa mikono miaka yote. Alichokuwa hajafanya ni kuyasema kwa sauti mbele ya binti yake. Na usilolijua, sema hulijui, kisha mwende wote mkamwulize fundi. Mpeleke binti mwenyewe akaulize.

Tahadhari moja tu: chochote cha umeme, plagi ichomolewe kwanza, na mtu mzima awepo.

Yule mwenzetu wa pasi ana cherehani ya miguu. Juzi ilikaza. Safari hii alimwita binti, wakaondoa kifuniko cha chini, wakakuta nyuzi na vumbi vimeshikana kama tope. Wakasafisha, wakatia mafuta, ikalainika. Ndipo binti akauliza mbona gurudumu dogo la juu linazunguka mbio kuliko lile kubwa la chini, na mkanda ni mmoja. Mama hakuwa na jibu. Wakafunga uzi mwekundu kwenye kila gurudumu, wakazungusha polepole, binti akihesabu la juu na mama la chini. Kaka yake ndiye aliyeshika tochi, naye akawa anahesabu pamoja nao.